Tafiti za Kiswahili cha Katanga na Mahitaji ya Mwalimu wa Kalemie

Mwalimu wa shule ya msingi mjini Kalemie, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, hawezi kusema kwamba Kiswahili cha sehemu zake kimepuuzwa na wataalamu. Katanga, ambamo Kalemie ilikuwamo kabla ya kuundwa kwa jimbo la Tanganyika mwaka 2015, imechunguzwa kwa kina. Hata hivyo, hapana budi kuuliza tafiti hizo zinamfaa nini mtu asimamaye mbele ya ubao.

Mwaka 1982 Walter Schicho alichapisha uchambuzi wa sintaksia ya Kiswahili cha Lubumbashi. Johannes Fabian alitoa historia ya Kiswahili katika Kongo ya Kibelgiji mwaka 1986, na mwaka 1990 akahariri matini ya André Yav ya mwaka 1965, ambayo ni historia ya Elisabethville iliyosimuliwa kwa upande wa watumishi wa nyumbani. Mwaka 1996 Vincent de Rooij alichunguza uchanganyaji wa Kifaransa na Kiswahili.

Sifa kuu ya kazi hizi ni kuonyesha kwamba Kiswahili hiki kina kanuni zake, wala si lugha iliyoharibika. Kwa mfano, mtoto asemaye katoto na tutoto anatumia ngeli ya udogo ya ka-/tu-, iliyomo pia katika Kiluba, ilhali Kiswahili Sanifu hutumia ki-/vi-. Mwalimu aijuaye kanuni hiyo hufundisha tofauti ya lahaja mbili. Asiyeijua hukata neno kwa wino mwekundu, na mtoto huondoka akiamini kwamba lugha ya mama yake ni kosa.

Kwa upande mwingine, kazi hizi zina upungufu wa aina mbili. Kwanza, zimeandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza, ilhali mwalimu wa Kongo husomeshwa kwa Kifaransa. Kamusi ya Sacleux (1939–1941) anaweza kuisoma, lakini hiyo imejikita katika lahaja za pwani. Pili, Lubumbashi imefanywa kuwa kielelezo cha eneo zima. Lubumbashi ni mji wa migodi. Kalemie ni bandari inayotazamana na Tanzania, na kusini yake, huko Mpala, Mapadri Weupe walifika tangu mwaka 1885. Usemi wa miji yenye historia tofauti namna hii hauwezi kuchukuliwa kuwa mmoja kabla ya kuchunguzwa.

Suala hili si la kitaaluma tu. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezipa lugha hizo nafasi ya kufundishia. Mwalimu amepewa wajibu. Bado anahitaji nyenzo ya kuutekelezea.

Nyenzo hiyo yaweza kuwa kitabu kidogo cha Kiswahili na Kifaransa, kinacholinganisha usemi wa watoto wa Kalemie na Kiswahili Sanifu, kwa mifano iliyorekodiwa Kalemie kwenyewe. Wanafunzi wa ualimu wanaweza kuikusanya. Wakati huohuo, matini ya Yav yaweza kuingia darasani mapema, katika madarasa ya juu. Ingawa maelezo yake ni ya Kiingereza, matini yenyewe haihitaji tafsiri kwa msomaji wa Kalemie, naye atapata humo ushahidi kwamba historia imekwisha kuandikwa kwa Kiswahili cha Katanga.