Kitambaa Kisichoisha: Uhakiki wa Programu ya Kusanifu Mifarishi

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Katika insha hii ninahakiki programu ya kompyuta, Electric Quilt 8, inayotumika kusanifu mifarishi, yaani matandiko yanayoshonwa kwa kuunganisha viraka vingi kuwa kitu kimoja. Ninaichukua kama matini kwa sababu ina mtunzi, ina muundo, ina msamiati wake, na ina msomaji inayemkusudia. Mtu anayejifunza kuitumia hafundishwi kubonyeza vitufe tu. Anafundishwa pia namna ya kukiwazia kitambaa. Hoja yangu ni kwamba namna hiyo inafaa sehemu moja tu ya kazi ya viraka kama inavyofanyika hapa Kampala, na kwamba sehemu inayoachwa nje ndiyo yenye usanifu mgumu zaidi.

Kwanza niieleze programu yenyewe. Kampuni inayoitengeneza iko Bowling Green, katika jimbo la Ohio, Marekani. Toleo la kwanza lilitoka 1991, na aliyelibuni, Dean Neumann, alikuwa mwanahisabati. Toleo la nane, ambalo ndilo nililojifunzia, lilitoka 2017. Mwanagenzi anapoanza mfarishi mpya huulizwa maswali kwa utaratibu maalumu. Unataka mpangilio gani? Bloku ngapi kwa upana, ngapi kwa urefu? Kila bloku iwe na ukubwa gani? Pindo liwe na upana gani? Akishajibu, hufungua maktaba yenye maelfu ya bloku zilizochorwa tayari, akachagua, kisha hufungua maktaba nyingine ya vitambaa na kuanza kujaza. Mwisho, programu humchapishia vipimo vya kukatia na kumwambia atahitaji yadi ngapi za kila kitambaa.

Haki ya mhakiki ni kusema jema kabla ya kasoro, na jema lipo. Chukua kitenge cha yadi 6 chenye upana wa inchi 45. Fundi anataka tandiko la inchi 72 kwa 88, lililogawanywa katika miraba ya inchi 4. Kwa sababu mshono hula robo inchi kila upande, kila mraba lazima ukatwe inchi 4 na nusu. Ukiacha kingo za kitambaa, unapata miraba 9 kwa upana na mistari 48 kwa urefu, jumla 432. Tandiko linahitaji 18 kwa 22, yaani 396. Kwa hiyo kitenge kimoja kinatosha na kinabaki. Hesabu hii programu huifanya kabla hujavuta kiti vizuri. Tena mwanagenzi anaweza kubadilisha rangi mara ishirini bila kuharibu hata uzi. Kwa mtu ambaye kila kosa la mkasi ni hasara ya fedha taslimu, hilo si jambo dogo.

Mtu anaweza kudhani kwamba kasoro ya programu ni ule mfumo wake wa mistari iliyonyooka. Kwamba kupanga miraba kwa safu ni mambo ya kigeni, na kwamba sisi tunashona kwa hisia. Historia ya kanga inakataa dai hilo. Inasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua leso zilizochapwa na kuuzwa zikiwa bado zimeungana katika jora. Walikata vipande viwili vya leso tatu tatu, wakavishona pamoja, wakapata nguo moja ya leso sita. Mombasa kanga bado huitwa leso hadi leo. Kwa lugha ya programu, huo ni mpangilio wa bloku 3 kwa 2. Kwa hiyo safu na miraba tulikuwa nayo kabla ya kompyuta, na mwanafunzi anayeijua kanga anaelewa upesi pindo ni nini na mji ni nini pale programu inapomwonyesha kingo na katikati.

Kasoro ninayoiona iko kwenye utaratibu wa maswali. Programu inauliza umbo kwanza, kitambaa baadaye. Sisi wanafunzi wa ushairi tunaufahamu utaratibu huu. Anayejifunza kutunga shairi la kimapokeo huanza na kanuni: mishororo minne katika ubeti, mizani 16 katika mshororo, 8 katika kila kipande, vina vya kati na vya mwisho. Kisha hutafuta maneno ya kujaza umbo hilo. Utaratibu huo haumdhuru mshairi, kwa sababu maneno hayaishi. Nikilitumia neno "bahari" katika ubeti wa kwanza, halipungui. Liko pale pale nikilihitaji katika ubeti wa tisa. Programu inakichukulia kitambaa vivyo hivyo. Bofya mraba, unakuwa wa bluu. Bofya miraba mia, yote inakuwa ya bluu, na bluu iliyoko maktabani haijapungua hata kidogo. Ndani ya programu kitambaa ni kama neno. Mezani kwa fundi kitambaa ni kitu, na kitu huisha.

Kikuubo panasaidia kuliona jambo hili vizuri. Hiki ni kichochoro cha biashara ya jumla katikati ya Kampala, na jina lenyewe kwa Kiganda lina maana ya ujia mwembamba. Hapa vitu huuzwa kwa katoni, kwa gunia, kwa dazeni. Wanunuzi huja kutoka wilaya za mbali, wengine kutoka Kongo na Sudan Kusini, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za kupatania bei. Mantiki ya Kikuubo ni kufanana: sabuni ya katoni ya kwanza ni ile ile ya katoni ya mia, na ikiisha italetwa nyingine kama hiyo. Mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo kuna soko la Owino, ambalo rasmi linaitwa St. Balikuddembe. Huko, kwenye mitumba, mantiki ni kinyume. Shati ulilolishika ndilo hilo hilo moja. Ukiliacha, hutalipata pacha lake. Programu inafikiri kama Kikuubo. Kazi ya viraka, mara nyingi, hufanyika kwa akili ya Owino.

Nililijaribu jambo hili kwa fundi mmoja mwenye cherehani katika ghorofa ya jengo linalotazama kichochoro hicho. Ni mama wa makamo anayeshona gomesi na sare za shule, na mabaki ya kazi zake huyatia kwenye gunia ili ayashonee matandiko. Nilimfungulia kompyuta nikamwonyesha tandiko nililolisanifu, miraba ya bluu na ya krimu ikipishana. Alilitazama kwa utulivu, akasema linapendeza. Kisha akauliza, "Mwanangu, hiki cha bluu, kipo kiasi gani?" Nikamjibu kwamba programu inasema tunahitaji yadi 2 na robo tatu. Akasema, "Sikuulizi tunahitaji kiasi gani. Nakuuliza kipo kiasi gani."

Hakuna sentensi niliyoisoma kuhusu programu hii iliyoihakiki vizuri kuliko hiyo. Programu ina jibu la "kinahitajika kiasi gani". Haina mahali pa kuuliza "kipo kiasi gani", au kama papo, mimi mwanagenzi sikupaona katika hatua zote nilizopitia. Maswali hayo mawili yanamjenga msanifu kwa njia tofauti. La kwanza linamfanya awe mteja: akishajua kinachohitajika, aende dukani. La pili linamlazimisha abuni.

Nilimwona akibuni. Alimwaga gunia sakafuni, akavipanga vipande kwa ukubwa kwanza, si kwa rangi. Vikubwa akavitenga kwa ajili ya katikati, mahali ambapo jicho hutua. Vyekundu vilikuwa vitano tu. Mwanagenzi wa programu angesema vitano havitoshi, abadilishe rangi. Yeye aliweka kimoja karibu na kila pembe na cha tano karibu na katikati, na ghafla tandiko zima likaonekana lina wekundu. Uchache wenyewe aliufanya kanuni ya muundo. Katika darasa la uhakiki tungeiita fani hiyo kwa jina kubwa. Yeye aliiita kugawa sawa.

Wanaoitetea programu wanaweza kunijibu kwamba inakubali picha za vitambaa vyako mwenyewe. Ni kweli. Nilipiga picha vipande kumi na kuviingiza, na vilikaa vizuri kwenye maktaba. Lakini kilichotokea baadaye kinathibitisha hoja yangu. Kipande cha kitenge chenye ndege mmoja, kisichozidi kiganja, kilipoingia tu kiligeuka jora. Niliweza kutandaza ndege huyo pembe hadi pembe. Picha ilikubali sura ya kitambaa ikaacha kiasi chake, na kiasi ndicho kilichokuwa na maana.

Isidhaniwe kwamba huu ni ugomvi kati ya Marekani na Afrika. Huko huko Marekani, wanawake wa Gee's Bend, Alabama, wengi wao wazao wa watumwa, walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi, na 2002 kazi zao zikaonyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston na kusifiwa kama sanaa kubwa. Nchini India, katika jimbo la Karnataka, wako Wasiddi, watu ambao asili yao ni Afrika. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi. Huanzia ukingoni, wakaongeza kiraka juu ya kiraka wakizunguka kuelekea ndani, mpaka mishono ikutane katikati. Jaribu kuusanifu mfarishi huo kwa programu inayotaka idadi ya bloku kabla ya kitu kingine chochote! Huwezi kujibu swali lake la kwanza, kwa sababu idadi ya viraka hujulikana kazi ikiisha. Na hapa Kampala, mbunifu Bobby Kolade kupitia chapa yake ya Buzigahill amekuwa akichukua mitumba, akaikata na kuishona upya, na kuiuza tena katika nchi ilikotoka. Mkusanyo wa kwanza wa kazi hiyo, wa 2022, uliitwa kwa jina lenye maana ya kurudisha kwa aliyetuma. Wote hao huanza na kilichopo.

Msamiati wa programu nao unahitaji neno. Bloku za maktaba zina majina ya maisha ya Wamarekani wa zamani: nyumba ya magogo, unyayo wa dubu, njia ya mlevi. Sina ugomvi na majina hayo. Ni fasihi simulizi ya watu wao, kama majina ya kanga yalivyo fasihi yetu. Lakini mwanagenzi wa Kampala huyakariri bila picha yoyote akilini. Kwa upande wetu, kamusi zinatupa neno mfarishi, ambalo mtaani sijalisikia hata mara moja, na mafundi wanatupa pindo, jora, kiraka na kipande. Mhadhiri anayetaka kuifundisha programu hii kwa Kiswahili anaweza kuanza na maneno hayo. Neno kiraka lina mzigo wake, maana kwa wengi linaashiria umaskini, nguo iliyochanika. Hata hivyo ndilo linalosema ukweli wa kazi yenyewe kuliko "bloku", kwa sababu kiraka hukatwa kutokana na kitu kilichokuwapo.

Kinachonifanya nilihimize hili ni namna tunavyogawa heshima. Anayejua kompyuta tunamwita msanifu. Anayepanga mabaki sakafuni tunamwita fundi wa kushona tu, na malipo hufuata majina. Kijana akijifunza usanifu kwa programu peke yake atahitimu akiamini kwamba kubuni ni kuchagua kutoka maktaba isiyopungua, na atamdharau mama mwenye gunia ambaye amekuwa akibuni kwa masharti magumu kuliko yake.

Sishauri programu iachwe. Nashauri ifundishwe kinyumenyume. Mwanagenzi amwage vipande kwanza, avipime, aandike kwenye daftari kila kimoja kipo kiasi gani, avipange sakafuni, ndipo afungue kompyuta imsaidie hesabu ya mishono na majaribio ya rangi, daftari likiwa wazi pembeni. Na sisi wa Kiswahili, siku tutakapoombwa kutafsiri programu za aina hii, tusiishie kwenye vitufe. Kabla ya "bloku ngapi kwa upana" tupendekeze swali jingine, lenye maneno ambayo fundi yeyote juu ya Kikuubo anayajua: una vitambaa gani, na kila kimoja kipo kiasi gani?