Nafasi ya Hadhira katika Michezo Mifupi ya Ebrahim Hussein: Hoja kuhusu Tamasha la Wawi, Pemba

Uhakiki wa tamthilia za Ebrahim Hussein umeelemea mno Kinjeketile (1969), na baada yake Mashetani (1971). Wakati Ukuta, Alikiona, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi aghalabu hupewa aya moja mbili, kana kwamba ni mazoezi tu ya mtunzi. Tamasha la kuiadhimisha michezo hii mifupi peke yake lingekuwa, kwa hiyo, tendo la uhakiki. Na lingepimika vizuri zaidi mahali kama Wawi, jirani na mji wa Chake Chake, mbele ya hadhira isiyolelewa na kumbi za chuo kikuu.

Anwani mbili za mwanzo zinathibitisha hoja hii. Zote ni misemo iliyokatwa. Anayesikia “wakati ukuta” humalizia mwenyewe kwamba ukishindana nao utaumia, anayesikia “alikiona” huongeza “cha mtema kuni.” Hadhira hupewa kazi kabla mchezo haujaanza. Alikiona, zaidi ya hapo, imejengwa juu ya kichekesho, igizo fupi lililokuwa likioneshwa katikati ya taarabu, ambamo watazamaji hucheka, hukemea na kuchagua upande. Kuwaketisha watu hao kimya gizani ni kuuondolea mchezo mhusika wake mmoja.

Wapo watakaouliza kwa nini asiadhimishwe Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba. Swali lina haki. Hata hivyo, ubwege wa Amezidi (1995) huiweka hadhira mbali kwa makusudi, na huo ni mjadala mwingine.

Ugumu halisi umo katika Ngao ya Jadi, iliyochapishwa pamoja na Jogoo Kijijini mwaka 1976. Umbo lake ni la hadithi, lakini sauti zote zimo kinywani mwa mtambaji mmoja na lugha yake ni ya sitiari nzito. Wanaodai kwamba umbo la hadithi latosha kuurudisha mchezo kijijini wanarahisisha mambo. Kinachoweza kuufikisha Wawi ni kisa chenyewe: nyoka Sesota anauawa, watu wanasherehekea, kisha nyoka anazaliwa upya. Wahakiki wengi humsoma Sesota kama ukoloni unaorejea kwa sura ya ukoloni mamboleo. Katika kisiwa kilichopitia Mapinduzi ya 1964, mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001, Muafaka wa Oktoba mwaka huohuo na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya 2010, usomaji huo ni mwembamba. Hadhira ya Pemba ina sababu zake za kuuliza ni sherehe ipi inayotajwa, na nani aliyekuwa akicheza ngoma wakati yai la nyoka likipata joto.

Hapo ndipo mwongozaji hujaribiwa. Akiifupisha sherehe ili awahi kurejea kwa nyoka, au akiumaliza mchezo penye ushindi ili asimuudhi mtu, atakuwa ameonesha nusu ya Ngao ya Jadi, tena ile nusu nyepesi.