Ladha ya Tunda Baada ya Sukari Kuisha: Uchambuzi wa Kriek ya Brussels

Wengi wanaoonja bia ya matunda kwa mara ya kwanza huihukumu haraka mno, kwa kuwa ulimi uliotarajia utamu wa juisi hukutana na uchachu mkali, na mnywaji akadhani kwamba tunda halimo au kwamba bia imeharibika. Kriek, bia ya cheri inayotengenezwa Brussels na vitongoji vyake nchini Ubelgiji, inafaa kuchambuliwa kwa sababu hiyo. Katika kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900 huko Anderlecht na ambacho tangu 1978 ni makumbusho pia, mgeni hupewa glasi baada ya kupita penye mitambo na mapipa, hivyo anaweza kuihusisha kila ladha na hatua iliyoizaa.

Msingi wa kriek ni lambiki, bia inayopikwa kwa kimea cha shayiri, yaani shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, pamoja na ngano isiyooteshwa ambayo huwa takriban theluthi moja ya nafaka yote. Hopsi, yaani maua yanayoipa bia ya kawaida uchungu wake, hutumiwa hapa yakiwa yamehifadhiwa hadi uchungu huo umefifia, kwani kinachohitajika ni uwezo wake wa kuzuia baadhi ya bakteria. Maji matamu ya kimea yakishachemshwa kwa saa kadhaa humiminwa katika beseni la shaba, pana na lenye kina kifupi, lililoko chini ya paa, nayo huachwa yapoe usiku kucha. Hamira haitiwi. Vijidudu vya hewani na vile vinavyoishi katika mbao za mapipa ndivyo vinavyoanzisha uchachushaji, na ndiyo maana bia hii hupikwa katika miezi ya baridi tu, kati ya Oktoba na Aprili hivi, kabla joto halijawapa nguvu bakteria waharibifu.

Ndani ya pipa, hamira ya kawaida hula sukari nyepesi na kuzalisha kileo, bakteria wa asidi ya laktiki huleta uchachu, kisha Brettanomyces bruxellensis, hamira ya mwituni iliyopewa jina hilo na Kufferath na Van Laer mwaka 1921, huendelea polepole kwa miezi mingi, ikila hata sukari ngumu ambazo hamira ya kawaida haiziwezi, na kuacha harufu ya ngozi na nyasi kavu.

Cheri huingia baada ya hayo yote, nazo ni cheri chachu, nzima na zenye kokwa zake, kwa kiasi cha takriban gramu 200 kwa kila lita. Sukari yake huuamsha uchachushaji upya, na baada ya miezi michache karibu yote imekwisha kugeuka kileo na gesi, ikabaki rangi, asidi na harufu ya tunda. Kokwa nazo zina kazi yake: ndani yake mna amigdalini, kemikali ambayo ikivunjwa na vimeng'enya hutoa benzaldehaidi, ambayo ndiyo asili ya harufu ya lozi chungu. Mwonjaji anayenusa kabla ya kunywa huipata harufu hiyo mapema, na asipojua chanzo chake anaweza kushuku kwamba bia imetiwa manukato ya dukani. Bia inayotiwa juisi mwishoni kwa kawaida hukosa kina hicho, maana kokwa hutupwa wakati wa kukamua, na hasara hiyo haifidiwi na rangi nzuri.

Mbege, bia ya ndizi ya Wachagga wa Kilimanjaro, huonyesha njia nyingine. Kwayo ndizi mbivu zilizopikwa ndizo chimbuko kuu la sukari, ulezi ulioota huongezwa baadaye, na gome la msesewe huleta uchungu. Lakini kwa kuwa mbege hunywewa baada ya siku chache tu, ingali ikichachuka, huweza kubaki na utamu ambao kriek imekwisha kuupoteza. Kinachozitenganisha zaidi ni muda, kuliko aina ya tunda.

Kabla ya kutiwa chupani, kriek huchanganywa na lambiki changa ambayo bado ina sukari kidogo, ili gesi izaliwe ndani ya chupa. Zipo kriek zinazochujwa na kutiwa sukari, nazo si haramu, ila haifai kuzipima kwa mizani moja na zile za jadi, ambazo jina lake, Oude Kriek, linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu 1997. Anayetaka kuonja cheri yenyewe afungue chupa ikiwa changa, kwa sababu kadiri miaka inavyopita wekundu hufifia, tunda hurudi nyuma, na lambiki iliyo chini yake ndiyo inayotawala kinywani.