Kinyozi wa Wittenberg na Sala za Handeni na Korogwe

Agizo la Mtume Paulo kwa Wathesalonike, la kuomba bila kukoma, ni jepesi kulihubiri na gumu kulifundisha. Mkristo akituuliza aombeje akiwa na kisu mkononi katika shamba la mkonge kule Korogwe, au akiwa na ndoo kichwani kule Handeni, mara nyingi tunamjibu kwa matangazo: Ijumaa kuna mkesha, mwisho wa mwezi kuna semina. Mambo hayo ni mema, lakini swali lake linabaki palepale. Kwa sababu hiyo yafaa tukisome upya, kwa jicho la uhakiki, kijitabu alichokiandika Martin Luther mwaka 1535 kuhusu njia rahisi ya kuomba.

Luther alimwandikia Peter Beskendorf, rafiki yake na kinyozi wa mji wa Wittenberg. Anamweleza desturi yake mwenyewe. Sala na iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku. Na mtu ajihadhari na wazo la kuahirisha kidogo ili kwanza amalize shughuli hii au ile, maana shughuli moja huita nyingine hata siku ikaisha. Kisha anashika maneno ambayo kila mwanafunzi wa kipaimara anayajua: Baba Yetu, Amri Kumi na Imani. Kila amri anaitazama kwa njia nne: kama fundisho, kama shukrani, kama maungamo na kama ombi. Hapo ndipo penye nguvu ya kijitabu hiki. Hakimdai mwombaji ufasaha wala sauti kubwa. Kinamrudisha kwenye akiba aliyokwisha kupewa.

Hata hivyo, mfano wake mmoja tumeutumia vibaya. Luther asema kinyozi mwema hukaza macho na mawazo kwenye wembe. Akipiga soga huku na huku, aweza kumkata mteja pua au koo. Wahubiri wengine huuchukua mfano huu kuthibitisha kwamba kazi yenyewe ni sala, basi inatosha. Sivyo. Luther akubali kwamba kazi ya mwamini yaweza kuwa sala, lakini papo hapo aonya tusije tukaizoea kazi na kuiacha sala ya kweli. Mfano wa wembe wahusu usikivu: kama kunyoa kwadai moyo wote, je, si zaidi kusema na Mungu?

Upungufu wa kijitabu upo mahali pengine. Luther amfikiria mtu awezaye kuingia chumbani mwake, au kwenda kanisani, akatulia. Tumfikirie mama wa Handeni, wilaya ambayo shida ya maji imeisumbua kwa miaka mingi, ingawa mradi wa HTM ulijengwa katika miaka ya 1970 ili kuyaleta maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Alfajiri yake ni safari na foleni. Huyu tumfundishe kubeba ombi moja la Baba Yetu wakati wa kwenda na jingine wakati wa kurudi. Vilevile Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 inamkabidhi mkuu wa nyumba sala za asubuhi, za jioni na za mezani. Katika nyumba zetu nyingi baba yuko mbali akitafuta riziki, na mkuu huyo ni mama au bibi. Tumpe kazi hiyo waziwazi, wala tusimhesabu kuwa kaimu tu.

Lakini jambo zito kuliko yote halimo ndani ya kijitabu. Mwaka uleule wa 1535, siku moja kabla ya Pasaka, Peter alimchoma kisu mkwewe mezani, akafa. Yasimuliwa kwamba mkwe huyo, aliyekuwa askari, alijigamba kwamba silaha haiwezi kumdhuru. Luther na wengine walimwombea Peter huruma. Akaepuka kuuawa, ila alihamishwa mji na kupoteza mali yake.

Je, kijitabu kilishindwa? Kingeshindwa kama sala ingekuwa kinga. Na hapa ndipo sisi tunapoguswa, maana Handeni ina jina nchini kote kwa uganga, na Wakristo wetu wengi wanakuja mkeshani wakitafuta kile ambacho jirani anakitafuta katika hirizi. Askari yule aliamini chuma hakimpati. Sisi nasi tusiwafundishe watu kuamini kwamba aombaye hapatwi na baya wala hatendi baya. Sala ya kila siku humweka mtu mbele za Mungu, pamoja na hasira yake na ulevi wake, ili ayaungame leo na kesho tena. Kwa hiyo uzi ule wa tatu, maungamo, ndio tusiouruka.

Katika miji yetu adhana husikika mara tano kwa siku, na jirani Mwislamu huacha biashara yake akaenda kuswali. Tusimwonee wivu, wala tusishindane naye. Tujiulize tu: mshirika wetu, kengele ya Jumapili ikinyamaza, tumemwachia neno gani la kuombea Jumatatu? Mchungaji asiye na jibu aanze na sala yake mwenyewe ya asubuhi.