Kicheko Kando ya Mgonjwa: Filamu ya Ikiru na Utani wa Kusini

Lugha yetu hutofautisha vicheko kwa viambishi vidogo sana. Mtu akicheka, hana lawama; akimcheka mgonjwa, amemdhihaki; wakitaniana, kila mmoja ametoa na kupokea. Kiambishi -m- humfanya mgonjwa kuwa mtendwa tu. Kiambishi -an- humrudishia utendaji wake. Naona tofauti hiyo ni kipimo kifaacho kwa filamu yoyote ithubutuyo kuchanganya kichekesho na maradhi mazito. Hapa nitaipima Ikiru ya Akira Kurosawa, iliyotolewa Japani mwaka 1952.

Watanabe, mkuu wa idara katika ofisi ya mji, ametia muhuri makaratasi kwa karibu miaka 30. Sasa ana saratani ya tumbo. Hospitalini, mgonjwa mwenziwe mwenye maneno mengi amwonya: daktari akisema ni kidonda kidogo tu, hakuna haja ya kupasuliwa, ale apendacho, basi mgonjwa hana hata mwaka. Punde daktari asema maneno yayo hayo. Twacheka, lakini kinachochekwa ni lugha ya uficho ya matabibu. Watanabe mwenyewe hachekwi.

Kichekesho cha pili kina uzito zaidi. Toyo, karani kijana, amewapachika wakubwa wake majina. La Watanabe ni miira, yaani maiti iliyokaushwa. Amwambia usoni, naye acheka. Katika Living (2022), filamu iliyofuata kisa hiki, iliyoongozwa na Oliver Hermanus wa Afrika Kusini na kuandikwa na Kazuo Ishiguro, jina hilo limekuwa Zombie. Mfasiri wa Kiswahili ana taabu yake. Neno lililo karibu kwa asili ni mumiani; lakini pwani yetu mumiani ni mnyonya damu, na utani ungegeuka hofu.

Nilipoionyesha filamu hii nyumbani kwa watu Mikindani, nikifasiri kwa mdomo, nilisema "Maiti Kavu". Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akanisahihisha: "Mwalimu, sema Mzee Sanda. Huyu binti ni mtani wake." Wakacheka wote, na yeye, aliyekuwa mgonjwa wa siku nyingi, akacheka kuwapita. Kisha akaeleza kwamba wageni wake husema kwa sauti ya chini kana kwamba amekwisha kuzikwa. Ni mtani wake wa Msimbati tu amwulizaye kila ajapo, mikorosho ile atamwachia lini.

A. R. Radcliffe-Brown (1940) na R. E. Moreau (1944) waliueleza utani kama njia ya kupatanisha koo na makabila. Maelezo yao yafaa, ila yaitazama jamii kuliko mgonjwa. Twajua kwamba msibani mtani humwigiza marehemu ili wafiwa wacheke. Kabla ya hapo ana kazi nyingine: kumdai mgonjwa jibu. Na adaiwaye jibu bado yu hai.

Kwa kipimo hiki kasoro ya Ikiru yaonekana. Toyo atania kwa kuwa hajui. Watanabe anapomfunulia hali yake, binti ashikwa na hofu, na mzaha wafa papo hapo. Tangu hapo kicheko chahamia matangani, ambako maofisa walevi walia, waapa kubadilika, na baadaye warudia desturi yao. Ni dhihaka kali na ya haki, lakini aliyestahili kujibu hayupo tena. Kurosawa ameepuka -m-, -an- hakuifikia.

Watungaji wetu wamezoea filamu zenye somo la afya, kama Chumo ya Jordan Riber (2011), ihusuyo malaria kwa mama mjamzito. Somo ni jema, lakini mgonjwa wa kufundishia si lazima awe wa kulilia tu. Kusini wanaye mhusika ambaye Kurosawa hakuwa naye: mtani aujuaye ugonjwa vizuri, na ambaye bado adai mikorosho yake.