Nani Amekuambia Ucheke? The Big Bang Theory na Sayansi ya Kicheko cha Kuazima

Kila idara ya sayansi ina mtu anayesema hawezi kuitazama The Big Bang Theory, eti inawadhalilisha wanasayansi. Mwulize swali moja tu: Sheldon hugonga mlango wa Penny mara ngapi? Atakujibu "tatu" kabla hujamaliza kuuliza, na ataongeza kwamba kila baada ya kugonga anataja jina lake. Basi ujue huyo ameitazama, tena sio msimu mmoja.

Tuseme ukweli, msomaji. Kuna komedi tunazozisifia mbele za watu, na kuna zile tunazozitazama kama mtu anayekwangua ukoko jikoni usiku wakati wenzake wamelala. Hii ni ya kundi la pili. Inakopwa kwenye flashi, inatazamwa hosteli saa saba usiku wakati tasnifu iko pembeni inakuangalia, na kesho yake hakuna anayeitaja. Mimi naipenda. Ila kuipenda hakunizuii kuuliza: inachekesha kweli, au tunaambiwa tucheke?

Kwa ambaye haijui: ni komedi ya Marekani iliyotungwa na Chuck Lorre na Bill Prady, ikaonyeshwa na CBS kuanzia Septemba 2007 hadi Mei 2019, misimu 12, episodi 279. Wanafizikia wawili, Sheldon na Leonard, wanaishi pamoja mjini Pasadena, wanafanya kazi Caltech. Marafiki zao ni Raj, mtaalamu wa fizikia ya anga kutoka India, na Howard, mhandisi ambaye anataniwa miaka yote 12 kwa sababu ana shahada ya uzamili tu. (Wenzangu wa uzamili, poleni. Hapo hakuna utetezi.) Penny anahamia nyumba ya mbele yao, na hadithi inaanza.

Sayansi yenyewe haina kosa

Lawama ya kwanza ambayo watu huitoa ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote, kwamba sayansi ya mle ndani ni ya uongo. Hapana. Kipindi kilikuwa na mshauri wa sayansi, David Saltzberg, profesa wa fizikia wa UCLA. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuhakikisha zile hesabu za kwenye ubao mweupe sebuleni kwa Sheldon ni fizikia halisi. Mayim Bialik, anayeigiza Amy, mwanasayansi wa ubongo, ana PhD ya kweli ya sayansi ya neva kutoka UCLA. Stephen Hawking aliingia mwenyewe zaidi ya mara moja, na washindi wa Nobel kama George Smoot, Kip Thorne na Frances Arnold wamepita humo. Hata wanabaiolojia walirudisha salamu: mwaka 2012 nyuki mmoja wa Brazil alipewa jina la kisayansi Euglossa bazinga, kutokana na ile kauli ya Sheldon ya kumaliza utani.

Kwa hiyo usihangaike kusimamisha video ili usome ubao ukitafuta kosa. Tatizo lipo, lakini halipo ubaoni. Lipo masikioni.

Sikiliza, usitazame

Chukua episodi yoyote ya misimu miwili ya mwanzo, ufumbe macho. Sheldon anasema sentensi ndefu yenye maneno ya fizikia. Hadhira inacheka. Sasa jiulize, walicheka nini? Mara nyingi hakuna utani ndani ya sentensi ile. Maneno magumu yenyewe ndiyo yamekuwa utani. Ukiielewa sentensi au usipoielewa, kicheko ni kilekile, kinaanguka palepale.

Hapa ndipo sayansi ya kicheko inapotusaidia. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwahi kufanya jambo ambalo hakuna aliyeliona la maana kabla yake. Yeye na wanafunzi wake walikwenda sehemu za watu wengi wakasikiliza watu wanaocheka, wakaandika kilichosemwa kabla tu ya kicheko. Walikusanya matukio 1,200. Vicheko vilivyotokana na kitu kinachofanana na utani vilikuwa kati ya asilimia 10 na 20 tu. Vilivyobaki vilifuata maneno ya kawaida kabisa, mtu kuaga au kuuliza swali dogo. Katika utafiti mwingine wa shajara, kicheko kilitokea mara 30 zaidi mtu akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Na angalia hesabu hiyo ilivyofanywa: nyakati za kutazama runinga na kadhalika ziliondolewa, maana runinga nayo ni aina ya kampani.

Yaani kicheko ni namna ya kusema "tuko pamoja" kabla ya kuwa jibu la utani. Watu wa televisheni walilijua hilo kwa uzoefu kabla ya wanasayansi. Miaka ya 1950 fundi sauti mmoja, Charley Douglass, alitengeneza mashine yenye vicheko vilivyorekodiwa, akawa anabonyeza vitufe kama mpiga kinanda: kicheko kidogo hapa, kikubwa pale. Komedi yetu hii haikutegemea mashine. Ilirekodiwa mbele ya watu halisi studio. Lakini kwako wewe uliye peke yako na kompyuta mapajani, kazi ni ileile. Umeazimwa marafiki.

Usidhani hayo ni ya Wamarekani tu. Ukikaa kwenye banda la video ukatazama muvi iliyotafsiriwa na Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro kule Kenya au VJ Jingo Uganda, ni sauti ya nani inayokuambia sasa ni pa kucheka? Mtafsiri anaweza kuifanya filamu ya vita iwe komedi bila kubadilisha picha hata moja. Tofauti ni kwamba yeye anajitokeza. Unajua yupo, unajua anachekesha, na ukikosa kucheka ni juu yake. Kicheko cha studio hakina jina.

Je, kinafanya kazi? Mwaka 2019 timu ya Sophie Scott wa University College London ilichapisha jaribio lenye utani 40, ule wa kizembe unaosemwa na baba mezani. Utani uleule ulisikilizwa ukiwa umewekewa kicheko baada yake, halafu wasikilizaji wakaupa alama. Alama zilipanda. Kicheko kilichotoka moyoni kilizipandisha zaidi kuliko kicheko cha kujilazimisha. Hii ina maana unapocheka na kicheko cha hadhira hujadanganywa kama mjinga. Ubongo wako unafanya kile ambacho ubongo wa binadamu hufanya.

Najua kuna msomaji anasubiri nitaje Kashasha. Sawa. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na hali ikaenea hadi 95 kati ya 159, shule ikafungwa mwezi Machi. Mitandaoni kisa hiki huletwa kama kichekesho. Hakikuwa kichekesho. Madaktari walioandika habari zake mwaka 1963 walieleza pia vilio na mahangaiko. Ilikuwa dhiki ya kundi, wala sio furaha. Kinatukumbusha tu kwamba kicheko kinaweza kusafiri bila utani wowote kukibeba.

Mtihani usio wa haki

Umeshaona zile video ambazo mtu amefuta kicheko cha hadhira? Sheldon anaongea, kimya. Leonard anajibu, kimya. Wote wanasimama wakitazamana kama watu waliopigwa butwaa. Watu husambaza video hizo kama ushahidi kwamba komedi hii haina lolote.

Mimi sikubali. Waigizaji waliokuwa mbele ya hadhira walikuwa wanasubiri kicheko kipungue ndipo waendelee. Ule muda ni wa hadhira. Kuufuta halafu ukalaumu kimya ni sawa na kuzima ngoma halafu ukasema mchezaji anarukaruka ovyo. Ukitaka ulinganisho wa haki, tazama M*A*S*H, komedi ya zamani kuhusu madaktari wa vita vya Korea. Watengenezaji walibishania kicheko tangu mwanzo, na wakapata angalau jambo moja: ndani ya chumba cha upasuaji hakikuwekwa. Uingereza BBC waliionyesha bila kicheko. Pale mtu aliamua kwamba kuna mahali ambapo mtazamaji aachwe aamue mwenyewe.

Hicho ndicho kinachokosekana kwenye The Big Bang Theory. Hakuna chumba cha upasuaji.

Mahali ambapo ningetaka kimya

Nikupe mifano mitatu.

Wa kwanza ni Raj, mwanzoni mwa msimu wa tatu. Utafiti wake umegonga mwamba miezi kadhaa iliyopita, hajamwambia mtu, na sasa akikosa kazi nyingine viza inakwisha, anarudishwa India. Kama uko ughaibuni kwa ufadhili, au una rafiki aliye huko, unajua hofu hiyo inavyokaa tumboni. Kipindi kinaigusa, kisha kinaifunika kwa utani wa Raj kwenda kumfanyia kazi Sheldon. Hadhira inacheka toka mwanzo hadi mwisho. Hata sekunde tano za kimya hatukupewa.

Wa pili ni wa msimu huohuo, episodi ya ufunguzi. Wanne hao wametoka Ncha ya Kaskazini, Sheldon anaamini amepata ushahidi wa ncha moja ya sumaku, ameshawaarifu wenzake chuoni. Inagundulika kuwa marafiki zake walimpa data za uongo kwa kuwasha kifungua makopo cha umeme, ili atulie wasije wakamuua. Bwana, hiyo ni kughushi data! Kwenye maabara yako ungefukuzwa. Ndani ya hadithi inageuka kuwa ugomvi wa marafiki: wanamfuata Texas, mambo yanaisha. Nakiri nacheka kila nikiitazama, maana imeandikwa vizuri mno. Lakini ndiyo episodi inayonionyesha kwamba watungaji walijali fizikia ya ubaoni kuliko maadili ya kazi yenyewe.

Wa tatu ni Sheldon mwenyewe. Watazamaji wengi wanamwona kama mtu mwenye usonji. Watungaji walisema hawakumwandika hivyo. Huo mlango wa nyuma uliwafaa. Wangeweza kumchekesha kila anaposhindwa kusoma uso wa mtu, bila kuwajibika kwa yeyote. Sasa rudi kwenye utafiti wa Scott: miongoni mwa walioshiriki walikuwemo watu wazima wenye usonji, na wao pia kicheko kilipandisha alama zao, tena kwa ujumla waliuona utani unachekesha zaidi kuliko wengine. Mtu ambaye Sheldon anafananishwa naye anakisikia kicheko kama wewe. Anajua hadhira inamcheka nani. Jim Parsons, aliyepata Emmy nne kwa nafasi hiyo, mara nyingi anamwokoa Sheldon kwa macho tu, lakini hadhira imeshacheka.

Kwa nini bado naitazama

Kwanza, ilijirekebisha. Misimu ya mwanzo wanasayansi wakuu ni wanaume, na mwanamke mkuu ni Penny, asiyejua kitu. Kuanzia msimu wa tatu wanaingia Bernadette na Amy, wote wanasayansi, na kuanzia hapo wa nne wanapata maisha: wivu wa kazi, mshahara wa mke kuzidi wa mume, nani ataandikwa jina kwenye makala. Howard wa mwanzo, anayesumbua wanawake kana kwamba ni utani, anapotea taratibu, na hakuna aliyemkumbuka.

Pili, kuna Profesa Proton. Msimu wa sita Sheldon na Leonard wanamwalika nyumbani mzee aliyekuwa na kipindi cha sayansi cha watoto. Bob Newhart alimwigiza, na mwaka 2013 nafasi hiyo ilimpa Emmy yake ya kwanza. Mzee ana uchungu: amesoma mpaka udaktari, lakini hakuna aliyemchukulia kama mwanasayansi kwa sababu ya kipindi cha watoto. Leonard anamwambia kwamba watoto waliomtazama, yeye na Sheldon wakiwemo, wamekuwa wanasayansi kwa sababu yake. Hadhira hapo inatulia, kidogo tu. Kwetu sisi tunaoandika sayansi ya mtaani huku wasimamizi wetu wakiuliza makala ya jarida iko wapi, dakika ile inatosha kusamehe misimu miwili.

Mwisho nakuachia jaribio, kwa kuwa hii ni blogu ya sayansi. Chagua episodi mbili za msimu mmoja. Moja itazame peke yako, nyingine na watu watatu au wanne. Weka karatasi, piga mstari kila unapocheka kwa sauti, na duara kila pale ambapo hadhira ya studio imecheka wewe hukucheka. Wiki ijayo rudia kwa kubadilishana episodi. Sampuli ni ndogo, hutachapisha popote. Ila anza kwa kuangalia yale maduara: yaliangukia utani mbaya, au yaliangukia mtu?