Azimio la Arusha: Hoja na Hisia Machoni pa Mrufiji

Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare. Humo Brutus anaueleza umati sababu za kumuua Caesar. Antony anauonyesha maiti na wosia. Umati unamfuata Antony. Miaka minne baadaye kalamu ile ile iliandika Azimio la Arusha, lililotangazwa na TANU Februari 1967. Wapenzi wa ushairi tungefaa kulisoma kwa sikio hilo: ndani yake Brutus na Antony wanasema kwa kinywa kimoja.

Hisia za Azimio zimejengwa juu ya vita. Umaskini ni adui. Fedha ni silaha isiyomfaa asiyekuwa nayo. Unyonge unatajwa kwa vitenzi vya kutendwa vinavyofuatana kwa mapigo sawa, mithili ya vipande vya ubeti. Msomaji anaona uchungu kabla hajaulizwa kama anakubali.

Hoja zina mwendo mwingine: mwandishi anauliza, anajibu, anahesabu. Mkopo wa nje unanufaisha zaidi mji, lakini utalipwa kwa nini? Kwa mazao ya mkulima. Mwenye mikorosho yake Bungu hahitaji kupambiwa hesabu hiyo. Uchungu unazaliwa ndani ya hesabu yenyewe, na hapo ndipo Azimio linapofika kileleni.

Azimio linasema pia kuwa maendeleo yanataka juhudi na maarifa. Katika mifano ya maarifa limo suala la kujua zao linaloafiki msimu na udongo, na wakati wa kupanda na kupalilia. Tuipeleke hoja hii kusini ya Bungu, bondeni mwa mto Rufiji. Huko wakulima walikuwa na kilimo cha mlau, yaani kupanda katika unyevu unaoachwa na mafuriko yanapopungua. Ni maarifa gani yazidiyo hayo? Lakini baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha wengi wao kwenda vijiji vya ujamaa vya nchi ya juu, mbali na mashamba hayo.

Nia ya kuwaepusha watu na maji isibezwe. Hata hivyo, hoja ya Azimio ilikuwa upande wa mkulima wa mlau. Hisia zake, zile za vita na haraka, zilimfaa zaidi aliyemhamisha. Vitani askari haulizwi shamba lake liko wapi.

Kosa si la hisia. Utungo usio na hisia ni mizani mitupu. Sehemu ya mikopo inathibitisha kuwa hoja na hisia zaweza kukaa katika sentensi moja. Zinapotengana, msikilizaji hubeba ile iliyo nyepesi kuimba. Mwandishi wa siasa, na mshairi wa siasa pia, ajiulize ni ipi kati ya hizo mbili itakayofika kijijini.